Usiku wa pili Kireka: uhakiki wa malazi ya jirani na uwanja wa Namboole

Anayetoka mashariki mwa Uganda kwenda kutazama mpira Namboole hana haja ya kuingia Kampala. Basi la Tororo, Mbale au Busia hupita Jinja, hukata msitu wa Mabira, hupita Lugazi na Mukono, na kabla ya kufika mjini abiria anaweza kushuka Bweyogerere, akawa ameukaribia Uwanja wa Taifa wa Mandela, ndio huo wa Namboole, kuliko mtu aliyelala katika hoteli ya nyota tano katikati ya jiji. Kwa sisi tunaoishi huku karibu na mpaka wa Kenya, basi, suala la pa kulala siku ya mechi ni suala la Bweyogerere na Kireka, na malazi ya mitaa hiyo miwili ndiyo ninayoyahakiki hapa.

Nililala huko katika vipindi viwili mwezi Agosti 2025, wakati wa mashindano ya mpira ya Afrika yaitwayo CHAN, yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Kipindi cha kwanza kilianza Jumatatu ya tarehe 18, siku Uganda ilipocheza na Afrika Kusini, nami niliongozana na mjomba wangu kutoka Mombasa, mzee wa miaka 67 anayesumbuliwa na magoti, pamoja na mpwa wangu. Cha pili kilikuwa tarehe 26, siku ya nusu fainali ya Senegal na Morocco, nilipokwenda peke yangu. Sitataja majina ya nyumba nilizofikia. Iliyonikosea sina nia ya kuiharibia biashara, na iliyonipendeza mwenyewe aliniomba nisimtangaze hadi atakapomaliza matengenezo anayoyafanya, kwa kuwa ana vyumba kumi na viwili tu na hapendi kuwarudisha watu mlangoni.

Nianze na iliyonikosea. Wiki mbili kabla ya mechi nilikuwa nimekwisha kushika vyumba viwili katika hoteli ya ghorofa nne iliyoko kando ya barabara kuu ya Jinja. Bei yake ya siku za kawaida, kama nilivyoijua kutokana na safari zangu za awali, ilikuwa shilingi za Uganda 90,000 kwa chumba. Kwa siku ya mechi niliambiwa 180,000, nikakubali, nikatuma malipo ya awali ya 100,000 kwa simu. Tulipofika saa tisa alasiri, dada wa mapokezi alifungua kompyuta, akatazama, akamwita meneja, na meneja akatueleza kwa upole mwingi kwamba vyumba vyetu vimekwisha kupewa kikundi kilicholipa fedha zote asubuhi ile. Kilikuwa kimesalia chumba kimoja ghorofa ya nne, kwa 250,000, na lifti hakuna. Mjomba aliketi juu ya begi lake pale ukumbini, akanyoosha goti, asiseme neno.

Bei kupanda siku ya mechi ninakuelewa, kwa sababu mwenye hoteli anajua kwamba ana siku chache kama hizo kwa mwaka, na mkopo wa benki haungoji. Kuvunja makubaliano yaliyokwisha kulipiwa ni jambo jingine kabisa. Nilirudishiwa 60,000 kati ya ile 100,000, baada ya karibu saa nzima ya mabishano, na stakabadhi sikupewa. Vyumba vya hoteli hiyo, kwa haki yake, ni safi, vina maji ya moto ya bomba na jenereta, na kama wangetupokea huenda ningeisifu. Lakini mgeni hukumbuka mlango kabla ya kitanda.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisikiliza mazungumzo yetu nje ndiye aliyetupeleka Kireka, katika kichochoro cha lami iliyomeguka nyuma ya soko, kwenye nyumba ya mama mmoja Mnubi wa Bombo. Wanubi wa Bombo, kwa wasiowafahamu, ni jamii inayoishi katika mji huo wa barabara ya Gulu tangu enzi za jeshi la mkoloni, na Kiswahili kwao hakijawahi kuwa lugha ya kujifunza shuleni. Ni lugha ya nyumbani sambamba na Kinubi. Nilipomwambia shikamoo Hajati, aliitikia huku macho yake yakiwa kwa mjomba.

“Marahaba, mwanangu. Mzee anachechemea hivyo tangu wapi? Mwingizeni kwanza anyooshe miguu, habari ya bei tutazungumza akiwa ameketi.”

Alitupa vyumba viwili vya chini. Cha mjomba kilikuwa na kitanda cha futi tano kwa sita, godoro gumu la kumfaa mtu wa mgongo na magoti, chandarua kisicho na tundu, na mkeka wa kuswalia uliokunjwa juu ya kiti. Ndani ya mlango wa kabati palichorwa mshale wa chaki nyeupe wa kuonyesha kibla. Mshale huo haukugharimu chochote, na bado mjomba aliuzungumzia kuliko kitu kingine chochote cha safari ile. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kulala hotelini amezoea kutoka nje kutafuta jua lilikochwea ili akisie. Bei ilikuwa 80,000 kwa chumba pamoja na chai ya asubuhi, wakati siku za kawaida ni 70,000. Nilimuuliza kwa nini hakupandisha zaidi, akajibu kwamba elfu kumi anayoongeza ni ya mlinzi wa pili na ya mkaa, maana wageni wa mpira hurudi usiku wa manane wakitaka kula, na jiko lake hulazimika kuwaka hadi saa hizo.

Kasoro zipo na ni lazima nizitaje. Maji ya bomba yalikatika jioni ile, tukaogea ndoo na jagi, ingawa Hajati alituletea jerikeni ya lita 20 ya maji ya moto bila kuombwa. Umeme ulipozimika hapakuwa na jenereta, ila taa ya sola ukumbini na mishumaa vyumbani. Taulo zilikuwa nyembamba. Ukuta wa nyuma unapakana na baa iliyopiga muziki hadi karibu saa tisa usiku, jambo ambalo mwenye nyumba hana uwezo nalo, lakini mgeni mwenye usingizi mwepesi anapaswa kulijua mapema na kuomba chumba cha upande wa mbele.

Mechi ilianza saa mbili usiku, na hapo ndipo penye kiini cha biashara yote ya malazi ya Kireka. Mpira unaoanza saa mbili humalizika karibu saa nne, na hadi umati wa uwanja unaochukua watu takriban 45,000 upungue milangoni na mtu ashuke kilima kwa miguu, saa tano imekwisha kupita. Saa hizo mtu wa Mbale au wa Iganga hapati gari la uhakika la kumrudisha kwao, naye akilipata huogopa mwendo wake gizani. Kwa hiyo analala, apende asipende. Mechi hiyohiyo ingechezwa saa tisa alasiri, angerudi kwao jioni, na gesti za Kireka zingebaki na wageni wao wa kila siku, yaani madereva wa malori na wafanyabiashara wadogo. Ratiba inayopangwa kwa kuangalia watazamaji wa televisheni ndiyo inayoamua kama Hajati atauza vyumba au hatauza, na sidhani kama wapangaji wake humfikiria hata siku moja.

Usiku ule Uganda ilikuwa nyuma kwa mabao 3-1 dakika za mwisho zilipoingia, ikasawazisha kwa penalti mbili na kumaliza kileleni mwa kundi, ikavuka hatua ya makundi ya CHAN kwa mara ya kwanza katika historia yake. Barabara ya kushuka Kireka ilijaa vuvuzela na watu wasiojuana waliokumbatiana. Bodaboda iliyotupandisha kwa 3,000 ilitaka 10,000 kuteremka. Tulipofika nyumbani tulikuta sufuria mbili mekoni, matoke na samaki wa mchuzi wa karanga, na wageni wa vyumba vingine wameketi ukumbini na sahani mapajani, wengine wakiwa bado wamejipaka rangi za bendera usoni. Sahani ilikuwa 15,000. Hoteli ya ghorofa nne, kama nilivyosikia kwa mgeni aliyetoka huko akitafuta chakula, ilikuwa imefunga jiko saa tatu.

Asubuhi, wakati tukinywa chai, Hajati alinifungulia daftari lake la wageni, daftari la shule la mistari alilolichora safu nne kwa rula: jina, atokako, chumba, na usiku. Safu ya nne ndiyo aliyotaka niione. Ukurasa wa tarehe 18 ulionyesha vyumba vyote kumi na viwili vimejaa, watu wa Jinja, Iganga, Mbale, Masaka na sisi wa Tororo, na katika safu ya usiku palijaa namba moja, moja, moja, hadi chini. Ilipofika saa nne asubuhi, vyumba vinane vilikuwa vitupu na mashuka yake yanaanikwa uani. “Mpira huniletea mtu kwa usiku mmoja,” aliniambia, “na usiku mmoja una shuka lilelile la kufua, sabuni ileile na mfanyakazi yuleyule. Faida yangu iko kwa yule atakayelala wa pili.”

Nimelitafakari neno hilo tangu siku ile, na ninaamini ndilo kipimo sahihi cha kuhakiki hoteli yoyote ya mji wa michezo, na hata cha kuyahakiki mashindano yenyewe. Usiku wa kwanza huletwa na ratiba. Usiku wa pili huletwa na nyumba: ilivyompokea mgeni, ilivyomlisha, na kama kuna mtu pale wa kumwambia kesho yake aende wapi. Sisi tulikuwa tumepanga kuondoka Jumanne asubuhi. Tulibaki kwa sababu Hajati alimuuliza mjomba kama amewahi kuuona msikiti mkuu wa Old Kampala, na mjomba alipojibu hajauona, alimpigia simu dereva wa mtaani, wakapatana 130,000 kwa siku nzima, mafuta yakiwa juu ya dereva.

Siku hiyo tulikwenda msikitini, mpwa wangu akapanda mnara na kuviona vilima vya jiji pande zote, mjomba akakaa chini kivulini akizungumza na watunza mahali. Tulipita Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoteketea Machi 2010, ambayo UNESCO iliyaondoa mwaka 2023 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Jioni mjomba alinunua kahawa ya Bugisu, mikeka miwili na vitenge vya binti zake. Usiku nilifanya hesabu ya matumizi yetu watatu bila kuhesabu tiketi za uwanjani na nauli ya basi. Siku ya mechi tulitumia 245,000: vyumba 160,000, bodaboda 26,000, chakula cha usiku 45,000, na maji na karanga za uwanjani 14,000. Siku isiyokuwa na mechi tulitumia 520,000: vyumba 160,000, gari 130,000, chakula cha mchana 54,000, ada na waongozaji 30,000, manunuzi 110,000, na chakula cha usiku 36,000. Siku isiyokuwa na mpira iliingiza katika mifuko ya watu wa Kampala zaidi ya mara mbili ya siku ya mpira, na karibu fedha zote ziliishia kwa watu niliowaona kwa macho, ambao nao wangezitumia palepale sokoni Kireka. Hajati hununua ndizi, mkaa na samaki hatua mia kutoka mlangoni pake, wakati sehemu kubwa ya mapato ya hoteli kubwa huenda kwa vinywaji na vifaa vya kutoka nje, riba ya mkopo na kodi, ikiwamo VAT ya asilimia 18. Kodi si hasara kwa nchi, nalielewa hilo. Ninachosema ni kwamba shilingi ya Kireka huzunguka Kireka mara kadhaa kabla ya kuondoka.

Nilimuuliza Hajati alijifunza wapi kuuza usiku wa pili, akaniambia ni Namugongo. Jibu hilo linaeleweka kwa anayeijua ramani, kwa kuwa Namugongo, mahali walipochomwa mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni 1886, pako jirani na Kireka, na kila mwaka inapokaribia tarehe hiyo mahujaji humiminika kutoka kila pembe ya Uganda na nchi za jirani, wengi wao kwa miguu. Wanafika siku kadhaa kabla ya ibada, wamechoka, wana malengelenge miguuni, wanataka maji ya moto, uji na mahali pa kufulia. Mwenye gesti wa mtaa ule, awe Mkristo au Mwislamu, ameishi kwa mahujaji hao miaka mingi, na amezoea mgeni anayekaa. Mshabiki wa mpira ni mgeni wa namna nyingine. Anafika saa kumi na anaondoka alfajiri. Nyumba zilizomfanya mshabiki aishi kama hujaji ndizo zilizofaidi CHAN, na zile zilizomtazama kama mfuko wa kuchovya mara moja zilipata kile kile walichokichovya.

Niliiona tofauti hiyo tarehe 26. Senegal ilikuwa imeifunga Uganda 1-0 palepale Namboole tarehe 23, kwa hiyo nusu fainali haikuwa na timu ya nyumbani. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe, na kwa hali hiyo hayana majina makubwa ya Ulaya yanayomfanya mtu wa Dakar au Casablanca apande ndege. Mtazamaji wake mkuu ni mwenyeji, na mwenyeji akishatolewa, kitanda hulala wazi. Hoteli ya ghorofa nne ilikuwa na madirisha machache tu yenye taa, na bango la mlangoni lilitangaza punguzo, chumba 80,000. Nilipita, sikuingia. Kwa Hajati vyumba saba kati ya kumi na viwili vilikuwa na watu, na wawili miongoni mwa wageni hao nilikuwa nimekula nao sahani moja usiku wa tarehe 18. Walikuwa wafanyabiashara wa Iganga waliokuja Kampala kwa shughuli zao, mechi ikawa nyongeza. Morocco ilishinda kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 1-1. Nililipa 70,000, bei ya kawaida, na maji ya bomba yalikuwepo.

Huenda msomaji akaona kwamba ninaipima nchi nzima kwa kichochoro kimoja. Lakini jambo hilihili limetokea penye mashindano makubwa mara nyingi kuliko CHAN. Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2010, wageni wa kigeni waliokuja kwa ajili ya mashindano walihesabiwa kuwa 309,554, chini sana ya makadirio ya awali yaliyozidi 400,000, na kampuni iliyokuwa imeshika vyumba kwa niaba ya FIFA iliwarudishia wenye hoteli vyumba vingi ambavyo havikupata watu. London nayo, mwezi Agosti 2012 wa Olimpiki, ilipata pigo lisilotarajiwa: watalii wa kawaida, wakihofia msongamano na bei, waliuepuka mji, na wageni wa michezo hawakutosha kuziba pengo lao. Mtalii anayefukuzwa na bei za mpira haonekani katika picha za uwanja uliojaa, kwa hiyo hakuna anayemhesabu.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu yetu. Kuelekea mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola (CHOGM) wa Novemba 2007, Kampala ilihimizwa kujenga hoteli kwa haraka, na baadhi zilizojengwa zinaendelea kuipa nchi heshima hadi leo. Lakini pia mwaka 2006 Shule ya Shimoni, iliyokuwa na wanafunzi wake katikati ya jiji, ilibomolewa kupisha hoteli ambayo haikusimama wageni walipofika. Ninalitaja hili kwa uchungu wa mwalimu. Kila ninaposikia hotuba kuhusu upungufu wa vitanda kabla ya AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, hukumbuka kiwanja kile kitupu, na hujiuliza kama tumejifunza kutofautisha kitanda kinachohitajika kwa wiki chache na kile kitakachohitajika kwa miaka ishirini.

Kuna aina nyingine ya mgeni wa michezo ambaye Uganda inaye tayari bila kumtangaza vya kutosha. Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ndiko anakotoka Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mjini Tokyo na wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, na wakimbiaji wa kigeni hufika huko kufanya mazoezi kwenye hewa ya mwinuko. Mkimbiaji wa namna hiyo hakai usiku mmoja. Hukaa majuma, hula vyakula vya kule, hufuliwa nguo, na siku ya mapumziko huenda kutazama maporomoko ya Sipi. Mtu mmoja kama huyo katika gesti ya Kapchorwa ana usiku wa pili, wa tatu na wa ishirini, na hahitaji uwanja wa viti 45,000 ili aje.

AFCON ya 2027, ambayo nchi zetu tatu zilipewa mwezi Septemba 2023, itakuwa kubwa kuliko CHAN kwa kila hali: timu 24, wachezaji mashuhuri, na mashabiki watakaosafiri kutoka mbali. Mbali na Namboole, Uganda imetaja viwanja vya Hoima na Lira. Hoima, wenye uwanja wa watu 20,000, una bahati mbili: hoteli zilizokwisha kujengwa kwa ajili ya shughuli za mafuta ya Ziwa Albert, na mbuga ya Murchison Falls iliyo karibu, ambako mshabiki aliyemaliza mechi anaweza kushawishiwa kukaa siku mbili zaidi. Lira una jina: uwanja wake unaitwa kwa heshima ya John Akii-Bua, aliyeipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972 katika mita 400 kuruka viunzi. Mgeni akifika Lira asikute mahali popote pa kuisoma habari ya mtu huyo, atakuwa amenyimwa sababu nzuri ya kulala usiku wa pili.

Kwa msomaji anayejiandaa kuja, ushauri wangu kuhusu malazi ya Kireka na Bweyogerere ni huu. Chumba cha heshima chenye choo ndani hupatikana kwa kati ya 60,000 na 100,000 siku za kawaida, na siku ya mechi ya Uganda usishangae kikifika mara mbili. Usitume malipo ya awali bila kuandikiwa ujumbe unaotaja jina lako, tarehe, idadi ya vyumba na bei, na kama inawezekana mpigie simu mwenye nyumba mwenyewe asubuhi ya siku ya safari. Uliza jiko linafungwa saa ngapi, kwa sababu kurudi kutoka uwanjani na njaa saa tano usiku ni adhabu. Mwenye mzee kama mjomba wangu aombe chumba cha chini, na apange kuondoka uwanjani dakika chache baada ya umati wa kwanza kupungua, kwani kilima cha Namboole si rafiki wa magoti. Bei ya bodaboda ipatane kabla ya kupanda, tena ukiwa umetembea hadi chini barabarani, ambako hushuka kwa nusu. Kisha, ukiweza, chukua mapumziko ya siku moja zaidi kazini. Mto Nile unatoka ziwani pale Jinja, kilomita takriban 80 kutoka Kampala, na kwa anayerudi Kenya uko njiani.

Hoteli ya ghorofa nne naipa alama mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya usafi. Nyumba ya Hajati naipa nne. Ya tano niliizuia kwa sababu ya maji na muziki wa jirani, na nilimweleza hivyo uso kwa uso siku niliyoondoka. Aliniambia kwamba watu kadhaa, wakiwamo ndugu zake, wamemshauri akope benki aongeze ghorofa kabla ya 2027, naye amekataa. Fedha za Agosti amenunulia tangi la maji la lita 5,000 na bati la kulifunika, na fundi alikuwa ameshaanza kumwaga zege la msingi wake uani, karibu na kamba za mashuka.